Nyumba iliyokwisha kujengwa Raskazone: KNX, Wi-Fi, Zigbee au Z-Wave?

MwanaRaskazone

Assalaam alaykum nyote. Tunayo nyumba ya familia hapa Tanga, ya ghorofa moja, anamoishi mama yetu pamoja na dada anayemsaidia kazi, nasi watoto tumetawanyika Dar es Salaam na Arusha. Tumekubaliana kuweka mfumo utakaowasha na kuzima taa za nje, kusimamia pampu inayopandisha maji kwenye tanki la juu, kuzima feni zilizosahaulika na kutuarifu geti likiachwa wazi. Nyumba imekwisha kupigwa lipu na rangi, nyaya zimo ndani ya kuta, na hakuna kati yetu aliye tayari kuona kuta zikitinduliwa.

Nimeletewa mapendekezo manne ya namna ya kuviamrisha vifaa: KNX inayotumia kebo, swichi za Wi-Fi, Zigbee, na Z-Wave, hizi mbili za mwisho zikiwa za redio. Bei ninaweza kuzilinganisha mwenyewe. Ninachohitaji kwenu ni kujua upi kati ya mifumo hii hautamwacha mama gizani siku bando limekwisha au ruta imezima, kwa sababu hilo kwangu linatangulia mengine yote.

FundiNgamiani

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kabla ya kulinganisha majina ya mifumo, zima meni swichi, fungua swichi moja ya ukutani na utazame nyaya zilizomo, maana nyumba yenyewe ndiyo itakayokuchagulia nusu ya vifaa. Katika nyumba nyingi za mjini kwetu nilizofanyia kazi, ndani ya boksi la swichi mna nyaya mbili tu: laivu inayoingia na waya unaorudi kwenye taa. Nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, imeishia juu, kwenye silingi rozi, kile kifuniko cha darini waya wa taa unaposhukia. Swichi ya kielektroniki inahitaji umeme wake saa zote ili isikie amri, na bila nyutro haina njia ya kuupata isipokuwa kwa kupitisha mkondo mdogo katika taa yenyewe. Balbu ya zamani ya waya ilistahimili hali hiyo bila kuonyesha dalili yoyote, lakini taa ya LED ya wati 5 huanza kumwekamweka, au hubaki iking'aa kwa unyonge usiku kucha ilhali swichi imezimwa. Kuna kapasita ndogo ya kufunga sambamba na taa ili kuondoa tatizo hilo, nayo hufanya kazi, ila unakuwa umeongeza kifaa kingine kitakachokuja kuharibika.

Njia ninayoipendekeza ni kuacha swichi za ukutani kama zilivyo, kisha kuweka moduli ndogo ya relei, yaani swichi inayojifunga na kujifungua kwa amri ya umeme, juu ya dari, pale kwenye silingi rozi, ambapo laivu ya kudumu na nyutro zote zipo. Zile nyaya mbili zinazoshuka kwenye swichi huunganishwa kwenye moduli ili ziwe za kuipa amri tu. Mama atabonyeza swichi ile ile aliyoizoea na taa itawaka, hata kama hakuna intaneti wala ruta ndani ya nyumba. Moduli za namna hii zipo za Wi-Fi, za Zigbee na za Z-Wave, kwa hiyo hapo bado hujafungwa na upande wowote.

KNX niitendee haki. Ni mfumo imara, unaotambuliwa kimataifa kwa kiwango cha ISO/IEC 14543-3, na vifaa vyake huzungumza vyenyewe kwa vyenyewe bila kompyuta ya kati ambayo ikifa vyote vinanyamaza. Lakini katika hali yake ya kawaida unataka kebo yake ya peke yake, yenye umeme mdogo wa volti zipatazo 30, ifike kwenye kila swichi, na taa nazo zivutiwe nyaya hadi kwenye boksi kuu. Kwa anayechimba msingi leo ningemshauri aufikirie kwa dhati. Kwa nyumba yenu maana yake ni kutindua, nawe umekwisha kulikataa hilo. KNX ya redio ipo, ila bado itakubidi uwe na mtu mwenye ile programu yake ya kupangia, ambayo ni ya kulipia, na kila mkitaka kubadili jambo mtamwita yeye.

BiBagamoyo

Mwanangu, mimi nina nyumba ya wageni Bagamoyo, jengo la zamani la mawe ya matumbawe na chokaa, na tunatumia Zigbee. Ninachokipenda ni kwamba kila kifaa kinachokula umeme wa ukutani hupokea ujumbe wa jirani yake na kuusogeza mbele, hivyo kadiri unavyoongeza soketi na moduli ndivyo mtandao unavyoimarika. Vihisi vya milango na mageti hutumia betri ndogo ya kidonge na hudumu nayo muda mrefu, jambo ambalo vifaa vya Wi-Fi haviwezi kwa sababu vinakula umeme mwingi zaidi.

Lakini kuta nene hazina huruma. Kihisi kilichokuwa nyuma ya ukuta wa mawe kilikuwa kikipotea kila mara, mpaka tulipoweka soketi ya Zigbee kwenye korido, mkabala na uwazi wa mlango, ili ujumbe upite mlangoni badala ya kulazimishwa kupenya jiwe. Kwenu, ikiwa kuta ni za matofali ya saruji, hamtapata shida kubwa kiasi hicho, ila chunguzeni sakafu ya zege kati ya chini na ghorofani, kwa sababu nondo zilizomo hupunguza mawimbi.

Jambo la pili ni hewa ya chumvi, na Raskazone mko karibu na bahari kuliko sisi. Kihisi cha geti kisifungwe wazi. Kiwekwe ndani ya boksi lisilopitisha maji, matundu ya kuingizia nyaya yatazame chini, na mara kwa mara mtu aangalie vishikio vya betri kama vimeanza kuota kutu ya kijani.

MtuWaMitandao

Nimeona hakuna aliyegusa suala la amri zinakopita, na kwa sharti uliloliweka, kaka, hilo ndilo la kulipima kwanza. Swichi nyingi za Wi-Fi za bei nafuu zikiamriwa kwa simu hupeleka amri kwenye kompyuta za mtengenezaji ng'ambo, kisha amri hurudi nyumbani kwako. Mtengenezaji akifunga kompyuta hizo, umebaki na plastiki. Haya si mambo ya kufikirika: huduma ya Revolv ilizimwa mwezi Mei 2016 na vitovu vyake, yaani vifaa vya kati vya kuongozea nyumba, vikaacha kufanya kazi, na mwezi Aprili 2022 kompyuta za Insteon, kampuni nyingine ya vifaa vya namna hii, zilizimwa ghafla bila wateja kuarifiwa. Kwa hiyo ukichagua Wi-Fi, chagua vifaa vinavyokubali amri ndani ya nyumba moja kwa moja, au vyenye nembo ya Matter, kiwango kilichotolewa rasmi Oktoba 2022 na kinachotaka vifaa viamriwe humo humo nyumbani.

Z-Wave ni mfumo mzuri na hauingiliani na Wi-Fi, lakini masafa yake hutofautiana kwa eneo: vifaa vya Ulaya hutumia megahezi 868 na vya Marekani 908, na havisikilizani. Ndugu wengi hutumiwa vifaa na jamaa walioko Marekani, na hayo masafa ya 908 yanaangukia ndani ya bendi ya simu za mkononi ya 900 tunayoitumia hapa. Zaidi ya hayo, vingi hutengenezwa kwa volti 120 wakati umeme wetu ni 230. Mimi ningeuacha.

Ningechagua Zigbee inayosimamiwa na Home Assistant, programu huria iliyoanza mwaka 2013, ikiwa ndani ya kompyuta ndogo hapo hapo nyumbani. Usitumie kadi ndogo ya kumbukumbu kuhifadhia programu hiyo, kwa sababu umeme ukikatika wakati inaandikwa huweza kuharibika. Tumia diski ya SSD. Zigbee na Wi-Fi hugombania masafa ya gigahezi 2.4, hivyo ipange Wi-Fi kwenye chaneli ya 1 na Zigbee kwenye ya 25, na kipokezi cha Zigbee kiunganishe kwa kebo fupi ya USB kiwe mbali na kompyuta. Kwa upande wa umeme kukatika, betri ya akiba ya volti 12 ya ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukitumia nusu yake tu ili isichakae, na ruta pamoja na kompyuta vikila wati 12, unapata kama saa tatu na nusu.

MwanaRaskazone

Nimefungua swichi pamoja na fundi wa mtaani. Ghorofani zote zina nyaya mbili, na chini zile za sebuleni tu ndizo zenye nyutro. Kwa hiyo tutaweka moduli za Zigbee juu ya dari, na Home Assistant chini kwenye korido karibu na ngazi. Swali langu lililobaki kwa fundi ni pampu: ni ya nguvu-farasi 1, na moduli imeandikwa ampea 10. Je, inatosha?

FundiNgamiani

Kwa hesabu ya makaratasi inatosha, kwa sababu pampu hiyo ikishashika mwendo hula ampea 5 au 6 hivi. Lakini wakati wa kuwaka, mota huvuta mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi, na midomo ya relei ndogo hatimaye huungana ikashindwa kuachia, pampu ikaendelea kusukuma maji bila kuzimika. Weka kontakta, yaani relei kubwa ya kuhimili mota, na moduli iamrishe kontakta badala ya pampu yenyewe. Floata ya tanki, ile swichi inayoelea juu ya maji, ibaki ikikata umeme kwa nguvu zake, bila kuitegemea Zigbee wala kompyuta. Kwenye mipangilio, taa zirudi katika hali zilizokuwa nayo umeme unaporejea, lakini pampu irudi ikiwa imezimwa mpaka mfumo uhakikishe kiwango cha maji. Kazi ya kontakta na boksi kuu mpeni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

BiBagamoyo

Na swichi ya mkono ya pampu msiiondoe, mwanangu. Iwekwe mahali ambapo mama anaifikia bila kupanda ngazi.