Naomba ushauri: ekzosi ya Land Rover iliyofungwa injini ya dizeli yenye turbo
Ndugu zangu mafundi na wazoefu, Land Rover 110 yangu hapa Arusha imeondolewa injini ya petroli na kufungwa 300Tdi, injini ya dizeli ya Land Rover ya lita 2.5, kilichobaki ni ekzosi. Kwa kuwa turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) huzungushwa na moshi wenyewe, bomba jembamba au lenye kona kali baada yake huubana moshi, joto likapanda na nguvu zikapungua, jambo linalonitia hofu hasa nikipandisha Ngorongoro na mzigo. Fundi ananishauri bomba la kipenyo cha inchi 3, ila mimi naona inchi 2.5 inatosha na itapita kando ya chesisi bila kukaribia propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu). Je, sailensa (kipunguza kelele) moja itatosha? Na kipande kinachonyumbuka kikae wapi, ili mtikisiko wa injini usipasue maungio?