Mwanangu ameanza kudai malipo ya kuosha vyombo

MamaWatatu (Masasi)

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina watoto watatu: wa kiume mwenye miaka 12, wa kike mwenye miaka 9, na kitinda mimba wa miaka 5. Msimu huu wa korosho yule mkubwa amekuwa akienda kila Jumamosi kwenye shamba la mjomba wake kuokota korosho na kuzinyofoa kwenye mabibo, na mjomba humpa fedha kidogo kulingana na ndoo alizojaza. Sikuona ubaya, kwa kuwa ni shamba la ukoo na kijana hurudi mapema. Tatizo ni kwamba hesabu za shambani sasa zimeingia jikoni. Juzi nilipomwambia aoshe vyombo vya usiku aliniuliza, kwa adabu kabisa, kila sufuria ni shilingi ngapi. Na mdogo wake aliposikia hivyo akaweka ufagio chini, akisubiri na bei yake itangazwe.

Baba yao anapendekeza tuwe na utaratibu: kila kazi iwe na alama, na alama zibadilishwe kuwa zawadi mwisho wa juma. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, anasema mtoto anayelipwa kwa kuosha sahani aliyolia chakula chake mwenyewe ni mpangaji, si mtoto. Naomba msaada wa wenye uzoefu. Je, zawadi zinamjenga mtoto au zinamfanya kibarua nyumbani kwao? Na kama zinafaa, ziwe zawadi gani, kwa kazi zipi, na zikome lini?

BabaLindi

Dada, mimi nipo upande wa mama mkwe wako. Mwulize kijana kama chakula cha mchana anachokula shambani kwa mjomba hukatwa kwenye malipo yake. Hakikatwi, kwa sababu pale anakula kama mtoto wa nyumba, na huyo mtoto wa nyumba ndiye anayetakiwa kuosha vyombo. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo watu hupenda kuitaja kwa upande wa haki peke yake, ina kifungu cha wajibu wa mtoto, na ndani yake kumo kudumisha mshikamano wa familia na kuwasaidia wazazi wanapohitaji msaada. Kwangu hakuna alama wala bei. Asiyemaliza kazi yake hatoki kwenda kucheza mpira.

MwalimuMstaafu (Nachingwea)

Nampa shikamoo mama mkwe, na wengine nawasalimu.

Ndugu wa Lindi ana hoja, ila suala hili lina pande zaidi ya moja. Utafiti unaotajwa sana ulichapishwa mwaka 1973 na Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett wa Marekani. Walichukua watoto wa shule ya awali waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi, wakawagawa makundi matatu: kundi la kwanza liliahidiwa cheti likichora, la pili lilipewa cheti kwa kushtukizwa baada ya kuchora, na la tatu halikupewa chochote. Baadaye kalamu zilipowekwa tena mezani, safari hii bila habari ya vyeti, watoto walioahidiwa walichora kwa takribani nusu ya muda wa wenzao, ilhali wale walioshtukizwa hawakupoteza hamu. Mwaka 2008 Felix Warneken na Michael Tomasello waliona jambo linalofanana kwa watoto wa miezi 20: waliokuwa wamezawadiwa vitu vya kuchezea kila walipomsaidia mtu mzima walipungukiwa na ari zawadi zilipoondolewa, kuliko wale waliosifiwa tu au wasiopewa kitu.

Hata hivyo, wengi wanaoutaja utafiti wa kalamu huacha nusu yake. Kalamu zilipendwa tangu mwanzo. Sufuria lenye ukoko wa ugali halimpendezi mtu yeyote. Pale ambapo hamu haipo, zawadi haina cha kuua, na huweza kumvuta mtoto mpaka kazi iwe mazoea. Ndiyo maana ningewashughulikia watoto wako kwa namna tofauti. Wa miaka 5, ikiwa bado anakimbilia kufagia kwa sababu anamwona mama anafagia, usimpe hata peremende. Mpe ufagio unaomtosha mkononi na umshukuru. Wa miaka 9 anaweza kufaidika na alama kwa muda. Huyu mkubwa anahitaji mpaka ulio wazi: kazi za kila siku zinazoiendesha nyumba hazina malipo kwa mtu yeyote, mama na baba wakiwemo, lakini kazi ya ziada ambayo mngemtafutia fundi au kibarua, kama vile kupaka chokaa ukuta wa uani, mnaweza kupatana naye. Akikataa hiyo ya ziada, asilaumiwe.

Niongeze jambo la pembeni. Sheria hiyohiyo imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa ajira, kwa hiyo angalieni msaada wa Jumamosi usije ukageuka kibarua cha msimu mzima, hasa siku za masomo.

ShangaziMikindani

Wifi, mimi ninalea wajukuu wa dada yangu na natumia visoda vya soda. Kila mtoto ana kopo lake tupu la maziwa ya unga juu ya kabati, na kisoda kikidondoka humo kila mtu anasikia. Kutandika kitanda chako na kuosha sahani yako hakuna kisoda. Kujaza pipa la maji, kufagia uwanja na kudeki ukumbi kuna kisoda kimoja kimoja, lakini baada ya ukaguzi: ninageuza sahani na kupitisha kidole nyuma yake, na nikikuta mafuta zinarudi kwenye beseni bila maneno mengi. Kisoda kilichokwisha kuingia koponi sikitoi hata mtoto akifanya utundu jioni hiyo, kwa sababu ukimnyang'anya alichokitolea jasho, kesho yake hana sababu ya kukuamini.

Havibadilishwi kwa fedha, na hapo siyumbi. Jumapili mtoto huchagua: barafu ya ukwaju, kwenda kuogelea, au kuamua siku hiyo tule nini. Yule wa kati kila juma anataka ming'oko, basi tunakula ming'oko. Kazi ikishazoeleka naacha kutoa kisoda kwa kila kazi na kutoa kimoja kwa juma zima, kisha nanyamaza kabisa, na siku moja moja nawapikia vitumbua bila kuwaambia mapema. Mwanzoni walinung'unika, wakazoea.

MamaWatatu (Masasi)

Ahsanteni sana, na shikamoo Mwalimu. Huo mpaka wa kazi za kila siku na za ziada nimeupenda, na baba yao amekubali visoda vianze kwa huyu wa kike. Limebaki moja. Kijana ametoka jandoni mwaka jana, na sasa anasema vyombo ni kazi ya dada yake. Nashuku lile swali la bei lilikuwa njia ya heshima ya kukataa. Nikimpa dada mtu visoda kwa kuosha vyombo, si nitakuwa nimekubali hoja yake?

MwalimuMstaafu (Nachingwea)

Utakuwa umeikubali, ndiyo. Ondoa vyombo kwenye visoda, viwe vya zamu kwa wote wawili, jioni moja huyu na jioni ya pili huyu, na visoda vya binti vibaki kwenye maji na uwanja.

BabaLindi

Naongeza kama mjomba wa watu. Huku kwetu kijana aliyetoka jandoni neno la mjomba hulisikia kuliko la mama, na huyu mjomba ndiye aliyeanzisha malipo. Mwombe azungumze naye Jumamosi hii hukohuko shambani kabla hajamlipa, amwambie kwamba fedha ni za korosho peke yake, na wakishakunywa chai waoshe vikombe wote wawili.