Naombeni ushauri: gemu yetu ibaki ya kupunga mkono au turudi kwenye padi ya kawaida?

Kijana wa Nkuhungu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo yenu, hasa nyie mliocheza gemu za kusafiri na kuchunguza kwa miaka mingi.

Tuko watatu, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma, na kwa mwaka mmoja na nusu tumekuwa tukitengeneza gemu yetu ya kwanza. Bado haina jina. Inamhusu msichana wa Kirangi anayemtafuta babu yake aliyepotelea kwenye vilima vya Kolo, kule Kondoa kwenye michoro ya miambani. Mchana anapita porini na fimbo, usiku anamulika mapango kwa kurunzi, na mbele ya safari anapata upinde. Tunataka itoke kabla ya likizo ya Desemba.

Tangu mwanzo tuliamua ichezwe kwa kupunga mkono. Tunatumia padi (kile kidhibiti cha kushika mkononi) ya mashine ya gemu ya PS4, ambayo ndani ina sensa za mwendo. Ukipunga kushoto, fimbo inapiga kushoto. Ukiinua mkono, kurunzi inamulika juu. Mwenzetu mmoja amekesha miezi mitano kwenye hiyo kazi peke yake.

Jumamosi tuliita watu 11 sebuleni wajaribu demo. Wamegawanyika vibaya. Wengine wanasema kupunga ndiyo roho ya gemu, tukiitoa itafanana na zingine zote. Wengine wanasema nusu saa tu bega linauma, na mara nyingi walipunga kulia fimbo ikaenda kushoto.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni mdogo wangu. Ana miaka 12, anatumia mkono wa kushoto. Msichana wetu kwenye gemu anashika fimbo kulia. Alijaribu kama dakika kumi, akaiweka padi mezani taratibu, akasema, "Kaka, nitacheza mkishamaliza kuitengeneza." Hakulalamika. Ningefurahi kama angelalamika.

Tufanyeje? Tuiache kama ilivyo, tuweke zote mbili, au tuitoe kabisa? Na huyu mwenzetu nitamwambiaje?

Fundi Chang'ombe

Mkuu, hongereni sana. Nina chumba cha gemu mtaani, nakupa hali halisi ya kwangu.

Watoto wanakaa wanne kwenye benchi moja, mabega yamegusana, na nyuma wamesimama wengine sita wanasubiri zamu. Mtu akipunga hapo anamtoa mwenzake jino. Hilo la kwanza.

La pili ni padi zenyewe. Ya PS4 halisi ina sensa, sawa, na ya PS5 pia inayo. Lakini padi nyingi za waya tunazonunua kwa ajili ya kompyuta hazina kitu ndani zaidi ya batani na analogi, vile vijiti viwili vya kusukuma kwa kidole gumba. Ya Xbox nayo haina sensa ya mwendo, hata ile halisi. Ukitoa gemu isiyochezeka bila kupunga, umewafungia nje watu wengi wa mji huu kabla hawajaiona.

Kwa upande mwingine niseme ukweli: upepo wa Dodoma wa kuanzia Juni unaniletea vumbi ndani, na analogi ndizo zinazokufa kwanza. Mhusika anatembea mwenyewe hakuna aliyemgusa. Kwa hiyo padi ya kawaida nayo ina maradhi yake.

Dada wa Area D

Kaka, nimesoma uzi wako mara mbili. Hilo swali lako liliwahi kuwagawa mashabiki wa Zelda, mfululizo wa gemu za kusafiri na kuchunguza wa kampuni ya Nintendo, kwa zaidi ya miaka kumi, na majibu yapo kwenye gemu zenyewe. Vumilia, nitaandika kirefu.

Skyward Sword, mojawapo ya gemu hizo, ilitoka mwaka 2011 kwenye Wii, mashine ya Nintendo inayochezwa kwa rimoti ya kupunga. Ilikuwa ya kupunga tu, hakuna njia nyingine, na ulilazimika kuwa na MotionPlus, kile kifaa cha kuongeza usahihi kilichotoka 2009. Adui anaweka upanga wake upande mmoja, wewe unatakiwa upige pale palipo wazi. Mpiganaji mzuri alikuwa yule anayetulia, anaangalia, ndipo anapiga. Mimi niliipenda mno. Rafiki yangu aliyecheza nami aliichukia kwa sababu hiyohiyo, maana kila pigo moja lililosomwa vibaya lilikuwa adhabu.

Mwaka 2021 ikaletwa upya kwenye Switch, mashine ya Nintendo ya baadaye, safari hii ikiwa na njia ya batani. Sasa angalia kilichotokea. Kwa kuwa mapigano yote yalijengwa juu ya mwelekeo wa pigo, ilibidi upanga uhamie kwenye analogi ya kulia. Na analogi ya kulia ndiyo watu wamezoea kuzungushia kamera. Basi ukitaka kuzungusha kamera ushikilie kwanza batani ya L. Inachezeka, nimeimaliza hivyo, lakini mkono wako unakumbuka kila dakika kwamba gemu hii haikuzaliwa kwa batani.

Ndiyo maana nakuomba uamue sasa, gemu ikiwa bado mbichi. Usiseme "tutaweka batani baadaye."

Kisha tazama Zelda nyingine, Breath of the Wild, 2017. Fimbo, mikuki na panga zote ni batani. Lakini ukivuta upinde, analogi inakupeleka karibu na shabaha, halafu unainamisha padi kidogo tu kumalizia, na asiyetaka anazima kwenye mipangilio. Hapo karibu ugomvi uliisha. Walikosea sehemu chache tu, yale mahekalu yenye fumbo la kuviringisha mpira kwa kuinamisha padi. Hayo yalikuwa lazima, na ndiyo watu wanayoyalalamikia hadi leo.

Kuhusu mdogo wako, Link mwenyewe, yule shujaa unayemchezesha kwenye Zelda, kwa miaka mingi alikuwa wa mkono wa kushoto. Zelda ya Twilight Princess ilipotoka 2006 kwenye GameCube (mashine ya Nintendo iliyotangulia) na Wii, waliona wachezaji wengi wa Wii watashika rimoti kwa mkono wa kulia. Walichofanya ni kuigeuza dunia nzima ya toleo la Wii kama kwenye kioo, mashariki ikawa magharibi. Nyie hamna haja ya kugeuza dunia. Mgeuzeni msichana tu, na iwe chaguo la kwanza kabisa mtu anapofungua gemu, kabla hata ya sauti na lugha.

Mwanachuo wa Chimwaga

Naongezea ya kiufundi, maana hilo la "nimepunga kulia imekwenda kushoto" lina sababu.

Jairoskopu, sensa ya mzunguko iliyo ndani ya padi, haijui padi imeelekea wapi. Inajua inazunguka kwa kasi gani, basi. Programu yako inajumlisha kasi hizo kidogokidogo ili ipate pembe. Kila hesabu ina kosa dogo, na makosa nayo yanajumlishwa. Baada ya dakika chache gemu inaamini mkono wako uko pengine. Akselerometa, ile sensa ya pili, inasaidia kwa juu na chini, kwa sababu inahisi mvuto wa dunia na hivyo inajua chini ni wapi. Kwa kushoto na kulia haina msaada, mvuto haubadiliki ukigeuka. Kwa hiyo ni lazima kuwe na batani moja ya kurudisha katikati, na iwe rahisi kuifikia. Mnayo?

Jambo la pili, mtu anapotaka kupiga kulia kwa nguvu, mwili wake huvuta mkono kushoto kwanza. Kama programu yenu inasoma mwendo wa kwanza tu, imesoma ule wa kujivuta. Na mkisubiri hadi mwendo ukamilike ndipo muamue, pigo linachelewa. Batani haina shida hiyo, imebonyezwa au haijabonyezwa. Hii siyo udhaifu wa mwenzenu, mwambie hivyo. Kupiga ni kazi ngumu kwa sensa. Kulenga ni kazi nyepesi, kwa sababu unapolenga unaona kwenye kioo ulipo na unajirekebisha mwenyewe.

Na kama mna ndoto ya kuipeleka kwenye simu, angalieni mapema. Simu nyingi za bei ya chini zina akselerometa lakini hazina jairoskopu kabisa.

Baba Ipagala

Mimi napingana na wengi humu, na naomba nisikilizwe.

Marehemu mama yangu hakuwahi kushika padi maishani. Batani zilimtisha. Siku moja kaka yangu alileta Wii, akamwekea tenisi ya Wii Sports, akampa rimoti bila kumweleza chochote. Mama alipunga kama anavyofukuza kuku. Mpira ukarudi. Alicheka hadi akakaa chini. Jioni ile nzima tulicheza naye, na ndiyo jioni pekee ninayoikumbuka ambayo mama alicheza kitu na sisi tukiwa watu wazima.

Mkisema "njia ya kawaida ni padi", kawaida ya nani? Kwa mtu ambaye hajawahi kucheza, padi yenye batani kumi na kitu ndiyo ngeni, mkono wake ndio wa kawaida. Msiwatupe watu hao. Wekeni kamba ya kufungia mkononi, wekeni nafasi, lakini msiitoe.

Fundi Chang'ombe

Baba Ipagala, pole kwa mama. Umenigusa. Ila kwa kamba, hata Nintendo wenyewe mwisho wa mwaka 2006 walilazimika kujitolea kubadilisha kamba zipatazo milioni 3.2, kwa sababu zilikuwa zinakatika na rimoti zinaruka. Gemu ya nyumbani yenye nafasi, sawa. Kwenye chumba changu bado siwezi.

Mwalimu wa Kondoa

Mbukwenyi. Nimezaliwa karibu na Kolo, na nimewapeleka wanafunzi huko zaidi ya mara moja, kwa hiyo nimeusoma uzi huu kwa moyo wa furaha na wa hofu.

Kwanza, mleta uzi, kule mengi si mapango. Ni miamba mikubwa iliyojiinamia, michoro iko ukutani chini ya ule mwinamo. Mwanga wa mchana unafika. Kurunzi yako itumike usiku kweli, usimpe mchezaji giza la pango lisilokuwepo.

Pili, eneo hilo liko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, na baadhi ya sehemu zake bado watu wanakwenda kufanya matambiko. Nimejiuliza jambo moja: mchezaji akipunga ovyo akiwa mbele ya ukuta wenye pofu au twiga waliochorwa, fimbo inagonga wapi? Mtoto akicheza gemu yenu kwa saa kumi akizoea kuchapa ule ukuta, halafu siku moja aje Kolo na shule yake, mkono wake utakuwa umejifunza nini? Nawasihi, mbele ya michoro msichana aiweke fimbo chini. Abaki na kurunzi tu.

Na hapo ndipo mimi ningetaka kupunga kubaki. Kule unapotembeza mwanga pole pole juu ya mwamba, kwanza huoni kitu. Ukibadilisha pembe ya mwanga, ghafla wekundu unajitokeza, unaona watu warefu wembamba wamesimama. Hilo huwezi kulifanya kwa batani likawa na ladha ileile. Ni mkono unatafuta.

Kijana wa Nkuhungu (mleta uzi)

Mwalimu, nimesoma maneno yako nikawaita wenzangu wote wawili waje wasome. Tulikaa kimya. Hatukuwahi kufikiria fimbo inagonga nini. Na ni kweli, kwenye demo ya Jumamosi watu walikuwa wanachapa ukuta wakisubiri mazungumzo yaishe.

Mwanachuo, hapana, batani ya kurudisha katikati hatukuwa nayo. Tumeiweka jana usiku.

Mwenzetu wa kupunga nilimsomea hilo la kujivuta mkono kabla ya pigo. Aliomba simu, akasoma mwenyewe, akasema miezi miwili alikuwa anahangaika na kosa ambalo halikuwa kosa la programu. Tumekubaliana hivi: fimbo inahamia kwenye batani. Upinde unakuwa wa analogi na kumalizia kwa kuinamisha padi, anayetaka anazima. Kurunzi ndiyo inabaki yake yote, na anaianza upya ili mwanga ukipita kwa pembe mchoro ujitokeze kama Mwalimu alivyosema. Kwa asiye na sensa, kurunzi inafuata analogi ya kulia. Yeye ndiye aliyependekeza, si mimi.

Baba Ipagala, sijakusahau. Tunataka kuweka namna ya kucheza wawili, mmoja anashika padi anatembea, mwingine anashika kurunzi tu kwa mkono. Mama yako angeweza kushika kurunzi.

Na chaguo la mkono limekuwa la kwanza, Dada, kabla ya sauti na lugha. Jana mdogo wangu alitoka shule, nikamwambia ajaribu. Alichagua "kushoto", msichana akahamisha kurunzi mkono wa pili pale pale kwenye kioo. Akaniangalia. Amecheza hadi mama akamwita kula mara tatu.

Fundi, demo mpya itakuwa tayari wikiendi. Naweza kuileta kwenye flashi Jumapili, watoto wako waijaribu?

Dada wa Area D

Kaka, nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Ila kwa upinde usisahau kuweka kiwango cha wepesi, kila mtu na mkono wake.

Baba Ipagala

Kurunzi kwa mchezaji wa pili. Nimekubali.

Fundi Chang'ombe

Njoo saa tatu asubuhi, kabla watoto hawajatoka kanisani wakajaa. Uje na padi yako yenye sensa, nitaivuta benchi nyuma hatua mbili.