Mianzi ya njano nyuma ya nyumba: napimaje inavyokua, na mbona shina la zamani halinenepi?

BintiMoshono:
Wakuu habarini za humu. Mimi niko Moshono, Arusha, nina kauani kadogo tu nyuma ya nyumba na nimeotesha mianzi ile ya njano yenye michirizi ya kijani, lengo langu izibe upande wa jirani maana kapandisha ghorofa na dirisha lake linatazama moja kwa moja jikoni kwangu, yani hata ukikaanga dagaa anajua. Niliotesha kwa vipande vya shina sio mbegu, vikashika fresh, mwaka wa kwanza ikawa imenyamaza tu hadi nikadhani nimepigwa, saizi masika imeanza kukolea ndo naona machipukizi yanatoka chini manene kuliko hata mama zao.

Sasa napenda kufuatilia ukuaji wake kwa kuandika, nina kaunta buku na tepu ya cherehani, kila nikitoka nje asubuhi napima. Ila kuna vitu vinanichanganya. Shina la kwanza kabisa bado liko vilevile kama kidole gumba, halijaongezeka hata kidogo tangu limetoka, mbolea naweka, maji naweka. Halafu chipukizi kimoja kilikuja kwa kasi kikafika usawa wa goti kikagoma, wenzake wanapaa chenyewe kimesimama tu. Na huyu jirani naye kashaanza kelele kwamba mizizi itampasulia ukuta.

Kwa hiyo wenye uzoefu nisaidieni, napima nini hasa ili nijue mianzi yangu inaendelea vizuri, na hili shina jembamba nilifanyeje?

MzeeWaKihamba:
Binti, hongera kwanza, watu wengi wanang'oa ule mwaka wa kwanza wakidhani imekufa.

Sikiliza. Mwanzi ni jamii ya nyasi, ni ndugu wa muwa na mahindi, sio mti kama mgrevilea unaosema nitauacha unenepe. Shina la mwanzi linatoka ardhini na unene wake wote siku hiyohiyo linapotoka, halitaongeza hata milimita hadi litakapokufa. Na pingili zote zimeshajipanga ndani ya chipukizi kabla hujaliona, linachofanya ni kujivuta tu kama antena ya redio, pingili za chini zinaanza kurefuka halafu zinafuata za juu. Ndani ya miezi mitatu hivi limemaliza urefu wake wote, ndipo linatoa matawi na majani. Baada ya hapo linakomaa tu, linakuwa gumu, ila refu zaidi haliwi na nene zaidi haliwi.

Kwa hiyo hilo shina lako la kidole gumba liache hivyo, kazi yake ni kutengeneza chakula kinachoshuka kwenye tunguu, yani lile shina la chini ya ardhi linalotoa machipukizi, na chakula hicho ndo kimezalisha hayo machipukizi manene unayoyaona. Ukilikata kwa hasira umeinyima kula. Kila msimu wa mvua yanatoka manene na marefu kuliko ya msimu uliopita mpaka kichaka kikifika ukubwa wa aina yake. Hiyo ya njano ikipata maji na udongo wetu huu wa volkano inaweza kwenda mita 10 na zaidi, unene wa kama sentimita 5 hadi 10. Kwa hiyo usipime shina moja ukategemea litakusimulia habari za mwaka mzima, pima kichaka. Andika masika hii yametoka mangapi, yamefaulu mangapi, na nene kuliko yote lina unene gani. Masika ijayo andika tena, linganisha. Hiyo ndo picha.

Nilivyozoea kwangu Kibosho ni kuzungushia tepu shina usawa wa kifua, unapata mzunguko, gawanya kwa 3.14 unapata upana wake. Katikati ya pingili, sio kwenye kifundo maana pale pametokeza patakudanganya.

FundiMianzi_Njiro:
Mzee kamaliza ila mi niongeze la kwangu kama mtu anayetengeneza viti na vibanda vya mianzi. Dada, pamoja na kuandika kwenye daftari ZIPAKE RANGI. Kila shina la mwaka huu lipige mstari wa rangi ya mafuta chini pale usawa wa goti, mwaka huu nyekundu, mwakani bluu, mwaka unaofuata nyeupe. Maana baada ya miaka miwili mitatu mashina yote yanafanana na hakuna binadamu atakayekuambia lipi ni la lini. Wateja wananiletea mianzi mizuri kwa macho, mirefu imenyooka, nikiigonga tu nasikia bado mbichi ya mwaka mmoja, nikiikausha inajikunja na kusinyaa na wadudu wanaishambulia haraka sababu imejaa wanga na sukari. Shina la kujengea linatakiwa liwe na miaka mitatu na kuendelea, likipita sana nalo linaanza kuchoka. Sasa bila rangi utajuaje?

Kupima urefu kila siku ni starehe nzuri sitakukataza, ila pima saa ileile, ukipima leo saa moja asubuhi kesho ukapima saa kumi jioni namba zako hazitakuwa na maana. Na ikishapita kichwa chako achana na tepu, chukua mti mrefu uuchore alama kila nusu mita, usimamishe pembeni ya mwanzi, piga picha na simu ukiwa umesimama sehemu moja siku zote. Baadae unakaa na chai unahesabu kwenye picha.

Usishikeshike ncha ya chipukizi, ni laini sana, ukiivunja shina linakomea hapohapo. Na yale maganda ya nje yana manyoya meusi madogo, yakikuingia kwenye vidole unawashwa hadi kesho na kuyaona huyaoni. Vaa glovu.

Kijana_wa_Pasua:
Hiyo mambo inaleta nyoka, dada ng'oa mapema weka michongoma

FundiMianzi_Njiro:
@Kijana_wa_Pasua nyoka anafuata panya, na panya anafuata takataka na makorokoro. Safisha chini ya kichaka, toa mashina makavu, uone nyoka atakaa wapi. Michongoma usipoifyeka si ndo palepale.

Mama_Ngaramtoni:
Jamani hilo la ukuta lisipitwe juujuu. Kuna mianzi ya aina mbili na hapo ndo watu wanalizwa. Kuna inayokaa kichaka kimoja, tunguu zake fupi zinabanana palepale, kichaka kinapanuka taratibu kwa pembeni. Na kuna inayotembea, tunguu lake linakimbia chini kwa chini linatokea mita kadhaa mbele, leo liko kwako kesho kwa mchungaji. Mimi niliuziwa hiyo inayotembea na jamaa mmoja wa kitalu, nikamuuliza kabisa hii inatambaa, akaniapia kwa mama yake mzazi kwamba haitambai. Saizi naikuta katikati ya bustani ya mchicha, nikichimba nakuta kamba la njano lenye vifundo limepita chini ya njia ya kutembelea. Nimelazimika kuchimba mtaro na kushindilia nailoni ngumu ya bwawa, ikae wima kina cha kama sentimita 60 na iachwe itokeze kidogo juu ya ardhi ili nikiliona linaruka nilikate.

Hiyo ya njano yenye michirizi ni ya kichaka, haina hiyo tabia, na mizizi yake ni nyuzinyuzi za juujuu sio mizizi ya kuchimba kama ya mti mkubwa. Ila kichaka kinanenepa wadogo zangu, ukikipanda kimegusa ukuta siku moja kitausukuma na mashina yataegemea kwa jirani na majani yote yatamwagika kwenye gata zake. Acha angalau mita mbili, na yale machipukizi yanayotokea upande wa ukuta yaondoe yakiwa bado mafupi. Huku kwetu mpaka ni masale, ile mimea inayooteshwa kuonyesha mpaka, na yanaheshimika, mwanzi kwenye mpaka ni kesi inayokungoja.

BintiMoshono:
Shikamoo mzee, shikamoo mama, na fundi asante sana. Hilo la rangi nimelipenda, nishaagiza kopo la nyekundu dukani. Kutoka ukutani nimeacha kama hatua tatu kubwa kwa hiyo jirani atulie. Ila hicho kilichogoma hakijajibiwa, kuna namna ya kukiamsha au ndo basi? Na je ni kweli inakua zaidi usiku, maana nikipima jioni naona tofauti ndogo sana na ya asubuhi, nikiamka kesho yake nakuta imeruka.

MzeeWaKihamba:
Marahaba. Usiku ndiyo, hasa hii ya vichaka. Mchana jua na upepo vinanyonya maji kupitia majani, usiku maji yanabaki ndani ya shina yanalisukuma. Kule Japan waliwahi kupima aina zao zikapita mita moja kwa siku moja, lakini wewe usijilinganishe nao, hiyo ni mianzi iliyokomaa, msimu wake, na udongo wake. Yako ikipanda kiganja kimoja kwa siku hapo Moshono ni nzuri sana, na wiki ya baridi na mawingu utaona imepungua, usishtuke.

Hicho kilichogoma kiangalie alfajiri kabla jua halijatoka. Chipukizi lililo hai linakuwa na vitone vya maji kwenye ncha za maganda, sio umande ulioanguka kutoka juu, ni maji yanayosukumwa na mizizi yenyewe. Lenzie likiwa na vitone na hilo ni kavu kabisa, ncha imelegea na rangi ya ganda imefifia, limekufa, halitaamka. Ni kawaida. Kichaka kinatoa mengi kuliko kinavyoweza kulisha, yaliyochelewa kutoka ndo mara nyingi yanaachwa. Kwenye daftari liandike limekufa, usilifute, maana ukiona masika fulani yamekufa mengi kuliko yaliyopona ujue maji au chakula havikutosha. Mwaga samadi iliyooza vizuri mwanzoni mwa mvua, na majani yanayodondoka usiyafagie, yaache palepale chini yafunike udongo.

Rau_Madukani:
Napita nikijifunza. Ila kwa sisi wa Moshi mjini naona kazi kidogo, huku ni chini joto kali na kiangazi kinakausha. Mwanzi wangu ulikunja majani yote kama sindano nikadhani ni ugonjwa.

Mama_Ngaramtoni:
Hapo ulikuwa unakuambia una kiu. Ukinyeshea jioni vizuri kesho asubuhi yanafunguka. Mtu mwenye mfongo, yani mfereji wa maji, unaopita shambani kwake ana bahati, wewe wa mjini weka ndoo yenye tundu dogo chini iwe inadondosha taratibu.

FundiMianzi_Njiro:
Na tusidanganyane kwamba mwanzi ni mmea wa kigeni huku. Mlima Meru una mianzi yake ya asili kule juu msituni. Cha ajabu Kilimanjaro pamoja na ukubwa wote ule haina ukanda wa mianzi kama wa Meru au Mlima Kenya. Ila usiende kuchimba ya msituni, kwanza ni hifadhi, pili ile imezoea baridi ya juu, ukiishusha bondeni itakununia.

Kijana_wa_Pasua:
Sasa hiyo ya dada si tunaweza kugema ulanzi, ile pombe ya mianzi, wakuu, tuachane na mbege ya ndizi 😂

MzeeWaKihamba:
Kijana tulia na mbege yako. Ulanzi wa Iringa na Njombe ni aina nyingine ya mwanzi, wanakata ncha ya chipukizi wakati wa mvua, wanachonga asubuhi na jioni utomvu udondoke. Ukikata ncha za huyu binti hupati kinywaji, utamwachia visiki tu na jirani aendelee kuona dagaa. Hata wanaosema machipukizi yanaliwa, yapo yanayoliwa, ila mengi yakiwa mabichi yana sumu ya sayanaidi, lazima yachemshwe vizuri na maji yamwagwe. Mbuzi nao wasisogee hapo.

BintiMoshono:
😂😂 Mzee umeniua mbavu. Basi nimechora kurasa mbili, moja ya kila chipukizi na namba yake, nyingine ya kichaka kizima kwa msimu. Swali la mwisho fundi, nikija kukata baada ya hiyo miaka mitatu wadudu nawazuiaje, nataka nitengeneze kibanda cha kupumzikia.

FundiMianzi_Njiro:
Kata kiangazi, sio masika, maana masika shina limejaa maji na chakula. Kata juu kidogo tu ya kifundo cha chini ili kisibaki kikombe cha kukusanya maji ya mvua, vinginevyo unafuga mbu. Halafu toboa vifundo vya ndani kwa nondo ndefu, uloweke kwenye maji yenye boraksi na asidi ya boriki, wiki moja mpaka mbili, kausha kivulini ukiwa umesimamisha. Wazee walikuwa wanaloweka kwenye maji yanayotembea wiki kadhaa wanga utoke, nayo inasaidia, ila ukiloweka kwenye mfongo wa watu uwe umeongea na wenye zamu kwanza. Ukifikia hapo niite, Moshono sio mbali.