Coleman kufungiwa mechi nne mwaka 1951: haki au uonevu?

Wakuu, naleta kwenu kesi ya zamani ambayo kwangu haijaisha.

John Coleman alikuwa mshambuliaji wa Essendon, ligi ya Victoria, ule mpira wa Australia unaochezwa kwa mikono na miguu. Mechi yake ya kwanza, mwaka 1949, alifunga magoli 12. Mwaka huo na uliofuata Essendon wakabeba ubingwa.

Mechi ya mwisho kabla ya mtoano wa 1951, beki wa Carlton, Harry Caspar, akampiga. Coleman akarudisha. Kamati ya nidhamu ikawafungia wote wawili mechi nne nne. Ukiisoma harakaharaka utasema haki imetendeka. Lakini Carlton walikuwa nje ya timu nne za mtoano! Adhabu ya Caspar ingesubiri msimu mpya. Ya Coleman ilimla mtoano wote. Essendon wakafika fainali bila yeye, Geelong wakawashinda kwa pointi 11. Goli moja huko ni pointi 6. Mtu mwenye magoli 75 msimu ule yuko jukwaani, timu yake imepungukiwa magoli mawili. Huu ni uonevu.

— Mkuu, hapa nakupinga. Ngumi ni ngumi. Kamati ikianza kuangalia ratiba kabla ya kuhukumu, nyota wote watapiga watu kila ikikaribia fainali. Halafu hao Essendon waliwatoa Footscray na Collingwood bila Coleman, kwa hiyo usimbebeshe Caspar kombe lililopotea.

— Sijasema Coleman asiadhibiwe, ndugu yangu. Nasema aliyeanza na aliyejibu hawawezi kupewa kifungo kimoja. Ukiwalinganisha, umemwambia kila beki ambaye timu yake imeshatoka: mchokoze nyota, akirusha mkono umemmaliza, wewe huna cha kupoteza. Hiyo ndiyo nidhamu?

Na kumbuka jamaa hakuwa na muda. Juni 1954, wiki moja tu baada ya kuwafunga Fitzroy magoli 14, goti likateguka na hakucheza tena. Alikuwa na miaka 25. Mechi 98, magoli 537, fainali za ubingwa mbili tu. Ya tatu ingekuwa hiyo ya 1951.

Mnaoitetea kamati, nijibuni hili: Caspar alikosa mechi gani ya maana?