Vifaranga wa samaki wameonekana ndani ya tangi langu

Muulizaji, Ngamiani, Tanga:
Habari zenu, ndugu zangu. Leo nilipokuwa nikiwalisha samaki wangu wa mapambo, niliona vifaranga wembamba kama sindano, wenye macho meusi, wakijibanza nyuma ya majani. Tangi lina gapi majike matupu pamoja na samaki wa aina nyingine. Wametoka wapi bila dume, nami nifanye nini wasiliwe?

Jibu la kwanza:
Hongera sana, dada. Gapi hutaga mayai? La, huzaa watoto walio hai, na jike aliyekutana na dume kabla hujamnunua huweza kuhifadhi mbegu zake kwa miezi kadhaa, akaendelea kuzaa takriban kila baada ya wiki 4.

Jibu la pili:
Watenge mapema, kwa kuwa hata mama yao huwala. Funika mdomo wa chujio kwa sponji, kisha uwape kiini cha yai lililochemshwa, tena chembe tu, maana mabaki yake huchafua maji upesi.

Jibu la tatu:
Wakizidi, wagawie wafugaji wenzako, lakini nakusihi usiwamwage Mto Zigi, kwani asili ya gapi ni Amerika ya Kusini nao huzaliana kwa kasi mno.