Dohani ya tofali za kuchoma inamomonyoka: lipu, pointi au kushusha?

Mwana_Mafinga: Kamwene wakuu. Nyumba ya wazee huku Mafinga ni ya tofali za kuchoma, imejengwa kwa udongo, nje wakapiga pointi ya simenti, yaani kujaza simenti kwenye jointi za tofali. Sasa dohani pale inapotokeza juu ya bati tofali zinabanduka uso kama maganda, ukipitisha kidole kwenye jointi udongo unamwagika, na mvua za mwezi wa nne zilishusha maji mpaka sebuleni. Mafundi kila mmoja na lake, mmoja apige lipu yote, mwingine pointi inatosha, mwingine ashushe mpaka usawa wa bati aanze upya. Baridi ndo hii imeingia, moto tunauhitaji. Nyie mngefanya lipi?

Uyole_juu: Lipu mkuu, simenti moja kwa mchanga nne, maliza kazi.

FundiKihesa: Kaka lipu kali kwenye dohani usiweke, nasema kwa nia njema kabisa. Tofali zetu ni laini zinanyonya maji, simenti kali haipitishi, na dohani inatanuka na kunywea kila ukiwasha moto kwahiyo lipu itapasuka tu, maji yakishapenya kwenye huo ufa yanakosa pa kutokea yanabaki kwenye tofali, ndo inamenyeka. Hata hayo maganda unayoyaona sasa hivi chanzo ni hiyo pointi ya simenti tupu. Changanya simenti 1, chokaa 2, mchanga 9, pima kwa ndoo ileile. Jointi chimbua kwa tindo kama sm 2 hivi, grainda iache maana inakula kingo za tofali, fagia vumbi, lowesha, halafu shindilia.

Mama_wa_Njombe: Naongezea kuhusu chokaa, jamani muwe makini. Mtume fundi dukani akuletee ya ujenzi, sio ile ya kilimo tunayomwaga shambani kupunguza tindikali, ile ni jiwe limesagwa tu haishiki kitu. Mifuko inafanana, na duka la pembejeo ndo liko karibu.

Mwana_Mafinga: Asante dada. Kwahiyo FundiKihesa, pointi inatosha?

FundiKihesa: Huku chini ya bati ndio, maana udongo wa ndani ni mkavu. Juu ya bati hapana, pale ndani ni udongo umeshaoshwa na mvua, ukipiga pointi unaziba ngozi tu. Shusha, jenga upya kwa mchanganyiko huohuo. Tofali usitupe zote, gonga mbili pamoja, ikilia kama kengele irudishe, ikiwa bubu weka pembeni. Juu kabisa mwaga kofia ya zege yenye mteremko, itokeze nje sm 5 hivi, na chini ya ukingo wake chora kamfereji ili tone likatike lianguke, lisirudi kutambaa kwenye tofali. Na lile bati la pembeni ya dohani likunje liingie ndani ya jointi, wengi wanapaka simenti juujuu pale kwenye maungio na ndo panapovuja.

Uyole_juu: Hapo kwenye bati nakubali, kwangu panavuja palepale.

Mama_wa_Njombe: Kabla hamjashusha, mtu apande darini na tochi. Akiona masizi nje ya tofali karibu na kenchi (mbao za paa), basi moshi unatokea humo, na hiyo ni hatari ya moto na ya hewa ya sumu mkilala. Kama mnachoma paini mbichi pia acheni, inaganda lami ndani ya dohani na lami hiyo inashika moto. Sisi tunachoma kuni za miti ya miwati zilizokaa zikakauka.

Mwana_Mafinga: Mbao za paini mbichi ndo tunazochoma, mabaki ya kiwandani. Naacha leo. Ikishajengwa tunaweza kuwasha baada ya muda gani?

FundiKihesa: Siku za mwanzo funika kwa magunia yaliyolowa, upepo wa huko unakausha haraka mno. Ipe kama mwezi, halafu anza na moto mdogo mdogo wa jioni.

Mwana_Mafinga: Sawa, basi Juni hii tutatumia jiko la mkaa, tena madirisha wazi. Jumamosi napanda darini.